Kumi na Tatu Bila Kumi

Nilipata kazi kambini Benaco kwa sababu nilijua kupiga taipu. Elimu yangu ni darasa la saba. Baada ya hapo padre wa parokia yetu alinifundisha taipu kwa miezi mitano ili nimnakilie daftari za ubatizo, akanipa cheti alichokiandika mwenyewe kwa mashine ileile. Mwaka ule wakimbizi walipovuka mto wa mpakani, nilikikunja cheti hicho mfukoni, nikashuka nacho kutoka Kirushya, nikasimama mbele ya meza ya ofisi ya kutafuta ndugu. Mkubwa wa ofisi alikisoma akacheka.

"Padre amekupa alama tisini na nane. Hizo mbili amekunyima kwa dhambi gani?"

Akaniajiri hivyo hivyo.

Sikwenda pale kwa ajili ya mshahara. Dada yangu alikuwa ameolewa ng'ambo, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Rusumo. Kwa mama tulikuwa wawili tu, mimi mkubwa na yeye nyuma yangu. Watu walipoanza kuvuka nilisimama kando ya barabara siku nne, nikitazama kila mwanamke mwenye mzigo kichwani na mtoto mkononi, mpaka nyuso zote zikafanana. Sikumwona. Niliporudi nyumbani mama alinitazama mikono tu, kama vile ningeweza kuwa nimemficha humo. Kesho yake akasema, "Nenda ukakae mahali majina yanapopita." Ndiyo sababu ya kwenda kwangu Benaco.

Majina yalipita kwenye chumba chetu kweli. Palikuwa na kompyuta moja. Nyuma yake ulitoka waya mnene wenye meno, ukaingia kwenye kisanduku chenye taa ndogo, na kisanduku kikaunganishwa na redio. Vituo vingine, vya Ngara na vya Biharamulo, vilituandikia orodha za watu waliofika kwao na ndugu waliokuwa wanawatafuta. Orodha ilikuja hewani kama kelele za vyura, kisanduku kikaigeuza kuwa herufi, na printa ikaichapa yenyewe asubuhi na mapema kabla hatujafika. Printa ile ilikuwa ya utepe wa wino, yenye sindano zinazogonga karatasi, na sauti yake ilikuwa ya cherehani. Kazi yangu ilikuwa kuchana karatasi, kuzibandika kwenye ubao wa nje, kisha kuufuta ujumbe ndani ya kompyuta maana nafasi ilikuwa ndogo. Mkubwa alisisitiza sana kufuta. Alikuwa mtu wa usafi. Alipitisha kidole juu ya meza kila asubuhi na kukinusa.

Orodha za vituo vyote zilikuja vizuri, isipokuwa za kituo kimoja cha Biharamulo. Za kituo hicho zilikuja nyeusi. Karatasi nzima ilikuwa nyeupe, ila mstari mmoja tu juu, mweusi tii, mnene kama jongoo, umelowa wino mpaka karatasi imetoboka. Kwenye skrini ya kompyuta hali haikuwa bora: ulikuta mstari mmoja wa maneno yasiyoeleweka, kana kwamba mtu amechanganya vipande vya sentensi kumi. Kituo kile kilikuwa kidogo, na ujumbe wake ulifika mara moja kwa wiki, pengine hata pungufu.

Mkubwa aliwauliza kwa sauti redioni, mimi nikiwa nimesimama pembeni.

"Karatasi zenu zinakuja chafu. Mnatuma nini?"

Sauti ya karani wa kule ilijibu kwa furaha. "Huku kwangu iko safi kama shuka la harusi, mkubwa. Tazameni utepe wenu. Tazameni na huyo anayeuweka."

Mkubwa aligeuka akanitazama mimi. Tangu siku hiyo kosa likawa langu. Nilibadilisha utepe. Nilisafisha sindano kwa spiriti. Nilifunika printa kwa kanga ya mama ili vumbi lisiingie. Karatasi za Biharamulo ziliendelea kuja nyeusi, na mimi niliendelea kuzipeleka jikoni. Mama wa jikoni alizifurahia.

"Leta, mwanangu. Zinashika moto haraka kuliko majani ya migomba. Wino wako una mafuta?"

Alichemsha chai yetu kwa karatasi hizo. Tulikunywa saa nne kila siku, na sukari nyingi.

Asubuhi moja ilikuja karatasi nyeusi kuliko zote. Ilikuwa imechanika katikati ya mstari. Siku hiyo mkubwa alikuwa na wageni wa kutoka mbali, na wageni waliiona kabla yangu. Mmoja wao aliinyanyua kwa vidole viwili, akauliza kitu kwa lugha yake, wenzake wakatabasamu. Mkubwa aliwasindikiza mpaka walipopanda gari. Kisha akachukua pini mbili mezani, akanigeuza kwa bega, akaibana karatasi ile mgongoni mwa shati langu.

"Leo utavaa kazi yako," alisema. "Ukiivua kabla ya saa kumi, usirudi kesho."

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Ningeweza kuivua na kwenda zangu Kirushya kulima maharage. Sikuivua, kwa sababu mama alikuwa amenituma nikae mahali majina yanapopita. Nikatoka nje kubandika orodha nyingine, na karatasi mgongoni.

Nje palikuwa na foleni ya watu waliokuja kusoma ubao. Watu wale walikuwa wamepoteza kila kitu, na nilidhani watanihurumia. Hawakunihurumia. Waliona mtu ambaye angalau siku hiyo alikuwa chini yao, wakafurahi. Mmoja wao, mwanamume mrefu aliyevaa kofia iliyoshonwa kwa turubai, ambaye kila siku alikuja akimtafuta mtoto wake, alinishika bega akanisimamisha ili asome. Mstari ule mweusi ulikuwa na mkia: mwisho wake, upande wa kulia, kulikuwa na maneno mawili yaliyojitokeza nje ya weusi, safi kabisa.

"Siku saba," alisoma kwa sauti. "Jamani, karani ameandikiwa siku saba!"

"Za nini?" mwanamke mmoja aliuliza kutoka nyuma.

"Za kuishi!"

Foleni nzima ilicheka. Nakumbuka hata mzee mmoja aliyekuwa amekaa chini na miguu iliyovimba alicheka mpaka akakohoa. Na mimi, ili yaishe, nilicheka pia.

Saa kumi niliivua karatasi. Kwa aibu sikutaka mama wa jikoni aiguse, nikaikunja nikaitia kwenye kopo langu la chakula. Na kwa hasira, siku hiyo sikufuta ujumbe kwenye kompyuta. Ilikuwa mara ya kwanza kuacha kufuta. Nilijiambia, acha uchafu wao uwajae.

Kesho yake nilipofungua mlango, yule wa kofia ya turubai alipaza sauti, "Sita!" Kesho kutwa akasema, "Tano! Karani, umemwandikia mama yako?" Wengine walimfuata. Ukawa mchezo wa foleni. Walipofika moja, mwanamke mmoja aliniletea ndizi mbivu, akasema kwa uso mkavu kwamba ni ya njiani. Na siku ya mwisho walipiga makofi nilipotokea.

"Hajafa!" mwanamume yule alisema. "Hata kufa hajui."

Zilipita siku nyingine kumi na mbili. Karatasi mbili nyeusi zilikuja ndani ya siku hizo. Nilizipeleka jikoni kama kawaida, na kufuta.

Kisha mkubwa akamwita fundi aje aione printa kabla ya kuitupa. Fundi alikuwa mzee wa mjini Biharamulo, wa moja ya zile familia za Kiislamu zilizokuja zamani na biashara kutoka pwani. Alikuwa na duka la redio, na alivaa kofia ya kufuma iliyokuwa imegeuka rangi ya chai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mnywa wino?"

"Ni mimi."

"Nionyeshe ulimi."

Alikuwa anatania, lakini alingoja mpaka nikautoa. Kisha akakaa kwenye kiti changu, akafungua printa, akaifunga. "Hii haina ugonjwa. Printa inafanya kile inachoambiwa. Inaambiwa nini?"

"Inaambiwa herufi," nilisema.

"Herufi gani?"

"Zile zinazoonekana."

Alinitazama kama mtu aliyeng'ata jiwe kwenye wali. "Sikiliza, kijana. Kwenye waya huu zinapita herufi za aina mbili. Kuna zinazosema na kuna zinazoamrisha. Zinazosema unazisoma. Zinazoamrisha huzioni hata siku moja, unaona matendo yake tu. Kama serikali." Alicheka peke yake. "Kila moja ina namba. Saba inapiga kengele. Kumi na mbili inataka karatasi mpya. Mna ujumbe wowote wa hao watu wenu wachafu, au umefuta zote?"

Nilitaka kusema nimefuta zote. Ndipo nikakumbuka ule mmoja. Nikamwambia upo, wa siku kumi na tisa zilizopita.

Alibonyeza vitufe, akaingia kwenye ukurasa wa mpangilio ambao sikuwahi kuufungua. Alieleza kwamba skrini ya kawaida inazitii amri na kuzificha. Yeye aliiagiza isizitii, izionyeshe. Kila herufi isiyochapika sasa ingetokea kama namba ndani ya mabano, mahali pale pale ilipokaa kwenye waya. Kisha akaufungua ujumbe.

Sikuona uchafu. Niliona maneno, yamefuatana vizuri, bila kupandana. Baada ya kila mtu na maelezo yake palikuwa na mabano, na ndani ya mabano kumi na tatu. Mtu, kumi na tatu. Mtu mwingine, kumi na tatu.

"Kumi iko wapi?" fundi alisema. Alishuka na kidole kwenye kioo. "Hakuna kumi. Wameondoa kumi zote. Wewe umejifunza taipu?"

"Kwa padre."

"Ule mkono wa chuma unaousukuma ukifika mwisho wa mstari, unafanya kazi ngapi?"

"Moja."

"Mbili, mjinga wewe. Unarudisha roli mwanzo, na unapandisha karatasi nafasi moja. Mkono ni mmoja, kazi ni mbili. Huku kazi hizo zina amri mbili. Kumi na tatu ni rudi mwanzo. Kumi ni shuka mstari. Ukipewa kumi na tatu bila kumi, unarudi mwanzo lakini hushuki, unaandika palepale ulipokwisha kuandika. Mtu wa kwanza, juu yake wa pili, juu yake wa tatu. Ishirini na tatu hapa. Wote wamechapwa mahali pamoja."

Nilielewa. Si kwa sababu nina akili, bali kwa sababu kwa padre niliwahi kusahau kusukuma mkono vizuri, nikamwandika mtoto mmoja juu ya mwingine kwenye ukurasa wa ubatizo, na padre akanipiga rula.

Fundi aliendelea kusema, sikumsikia. Nilikuwa nasoma. Mtu wa kumi na nne alikuwa na maelezo marefu kuliko wenzake wote. Jina la ubatizo lilikuwa la dada yangu. Jina la mume lilifuatiwa na neno marehemu. Watoto, mmoja. Kisha: anamtafuta kaka yake wa Kirushya, amesikia kwa wachuuzi wa ndizi kwamba anafanya kazi ya mashine Benaco, hawezi kutoka hapa mpaka kaka aje kumchukua kwa maandishi, mama yao aambiwe yu hai, anasubiri kituoni siku saba. Na mabano. Kumi na tatu.

Kila mtu kwenye orodha ile alikuwa anasubiri siku saba. Ila mstari wake ulikuwa mrefu kuliko yote, ndiyo maana maneno yake ya mwisho yalitokeza nje ya weusi. Tangu utoto dada yangu alikuwa hawezi kusema jambo kwa ufupi.

"Unamjua?" fundi aliuliza.

"Ni dada yangu."

Alitoa mkono kwenye kibodi. Hakutania tena. Alitazama tarehe juu ya ujumbe, akahesabu kwa midomo bila sauti, akaiacha hesabu njiani.

Mkubwa aliitwa. Alisoma akiwa amesimama, akasoma tena. Nilidhani atasema kitu kuhusu karatasi aliyoniwekea mgongoni, maana alijua ni ileile, nilimwona anajua. Alichosema ni hiki: "Kwa nini ujumbe huu haukufutwa?"

Nikamwambia ukweli, kwamba niliuacha kwa hasira.

"Basi utaniandikia barua ya maelezo kabla hujaondoka. Na uchape orodha, uibandike."

Fundi alikuwa tayari ameiambia kompyuta yetu iongeze kumi kila inapoona kumi na tatu. Orodha ikatoka, watu ishirini na tatu, kila mmoja kwenye mstari wake, na nafasi nyeupe katikati. Nikaandika barua ya maelezo, nikaitia sahihi. Nikaenda kubandika. Yule wa kofia ya turubai alikuja, akasoma mstari kwa mstari hadi mwisho, kidole chake kikipita juu ya jina la dada yangu. Mtoto wake hakuwemo. Akaniambia, "Asante, karani. Leo umeandika vizuri."

Karatasi nyingine nyeusi, zile za kabla na zile za baada, zilikuwa majivu. Sijui zilikuwa na watu wangapi. Nimewahi kuulizwa nikadirie, nikakataa.

Nilipanda lori la maharage kwenda kwenye kituo kile cha Biharamulo. Njia ya msituni ilikuwa na majambazi, ilibidi tungoje msafara wa polisi, siku nzima ikapotea. Kituo chenyewe kilikuwa maturubai machache yaliyozungushiwa miba, na kibanda kimoja cha bati chenye nguzo ya waya wa redio. Karani wa pale alikuwa kijana wa rika langu, mcheshi, mikono yake haitulii. Niliijua sauti yake kabla sijamwona. Nikamwambia mimi ni nani.

"Wa Benaco! Mla utepe!" Akanishika mkono kwa mikono miwili. "Umekuja kuona kazi inavyofanywa?"

Nikamtajia jina la dada yangu.

Mikono ikatulia. "Yule wa maelezo marefu," alisema. "Nilimwambia afupishe. Kila herufi inakula betri, na betri yangu ni ya gari, naichaji mara moja kwa wiki. Akasema, andika yote, kaka yangu ndiye atakayesoma."

"Yuko wapi?"

"Kaa kwanza."

"Yuko wapi?"

Akanieleza tukiwa tumesimama. Siku ya nane malori yalikuja kuwahamisha wasio na ndugu. Dada yangu alikataa kupanda. Aliwaambia kaka yake yuko kwenye mashine yenyewe, hakuna namna asione, labda gari limeharibika njiani. Alikaa langoni na mtoto. Alikuwa tayari anaharisha damu. Siku ya kumi na moja alikufa. Walimzika jioni hiyo, maana hawakuwa na namna ya kumweka.

Kwetu mwanamke aliyeolewa hafukiwi kabla kaka yake hajauona uso wake. Kaka ndiye anayethibitisha kwamba ukoo wa mume haukumtesa. Ndiye anayesema, fukieni. Hata kaka akiwa mlevi, hata kama hawasemezani, anangojwa.

"Nilikutumia habari," karani alisema. "Usidhani nilinyamaza. Alipokufa nilituma, pamoja na orodha ya siku ile, kwamba njoo umzike. Na baada ya wiki nikatuma tena, na orodha nyingine, kwamba mtoto yuko hapa. Mara mbili."

Zile karatasi mbili. Nilizipeleka jikoni kwa mikono yangu. Chai ya siku hizo niliinywa kama ya siku nyingine, na sikumbuki kama ilikuwa na ladha yoyote tofauti.

Nikamuuliza kwa nini aliondoa kumi. Alifurahi kuulizwa jambo la kazi, nilimwona akipata nafuu.

"Ah, hiyo. Nilitafuta namna ya kuokoa betri. Nikaona kila mwisho wa mstari kuna alama mbili zisizoonekana. Nikaondoa moja. Kwangu skrini inashuka yenyewe, haikuharibu kitu. Kitu kisichoonekana kina kazi gani?"

Wenzangu niliowasimulia baadaye waliniuliza kwa nini sikumpiga. Sikumpiga kwa sababu yeye alitupa asichokiona, na mimi nilitupa nilichokiona. Maneno siku saba yalikuwa yamesimama wazi pembeni. Foleni nzima iliyasoma. Mimi ndiye niliyekuwa na kazi ya kuuliza ni siku saba za nini, na nilicheka.

Alinionyesha kaburi, nyuma ya miba, la tatu kutoka kwenye mti uliokatwa. Nilikaa hapo muda mfupi. Sikuweza kusema fukieni, palikuwa pamekwisha kufukiwa na majani yameanza kuota.

Mtoto alikuwa kwenye turubai la watoto. Wa kike, wa miaka sita hivi, kichwa kimenyolewa, amekaa na sahani tupu mapajani. Alikuwa na paji la uso la mama yangu. Nilichuchumaa mbele yake. Alinitazama, akasema kwa lugha ya kwao, "Marume?" Ndivyo wanavyomwita kaka wa mama, ndivyo na sisi tunavyomwita.

"Ndiyo, mimi ni mjomba wako."

"Wa mashine?"

"Wa mashine."

"Walinzi walimwambia mama kwamba hujui kusoma." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anataka kuhakikisha. "Mama akawaambia unajua. Unajua?"

Nikamwambia sikujua.

Nilimleta Kirushya. Mama alimpokea mtoto, akamwosha, akamlisha, akamlaza. Kisha akaniita nje nimweleze, na nilimweleza yote, pamoja na pini mbili na chai. Ningeweza kumpunguzia. Alisikiliza hadi mwisho. "Nilikutuma ukae majina yanapopita," alisema. "Ukambeba mgongoni kutwa nzima." Alikaa miaka tisa zaidi duniani, hakulirudia neno hilo, na hakunipa tena kazi ya kumtafutia kitu chochote, hata ng'ombe aliyepotea. Aliwatuma majirani.

Benaco sikurudi.

Yule mtoto sasa ni mwanamke mzima, anafundisha shule ya msingi, ana watoto wake wawili. Nilimwambia habari hizi alipofikisha miaka kumi na minane, kwa sababu aliuliza. Hakulia mbele yangu. Alitaka kuiona karatasi. Ilikuwa bado kwenye kopo, imekunjwa mara nne, wino umehamia upande wa pili. Aliinyoosha, akaenda nayo dirishani, akaibandika kwenye kioo ili mwanga upite. Alitafuta kwa muda mrefu, akisogeza uso kushoto na kulia, kama mtu anayetazama ndani ya nyumba ya watu.

"Mama ni wa ngapi?" aliuliza.

"Wa kumi na nne."

"Kutoka wapi?"

Nilisogea, nikautazama ule mstari mmoja pamoja naye. Sikuweza kumwonyesha.

Karatasi anayo yeye. Akija likizo haizungumzii. Lakini kila akiandika ubaoni darasani kwake, nimewahi kumwona, huacha nafasi pana sana kati ya mstari na mstari, na wanafunzi wanalalamika kwamba ubao unajaa upesi.